Ngozi ya Mama ni Sahani ya Mtoto

Kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya kipupwe inapoishika mikoa yetu ya nyanda za juu, sisi wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto huona jambo lile lile likijirudia. Mama amekaa kwenye benchi akisubiri mtoto apimwe uzito. Mkono mmoja umempakata mtoto, mkono wa pili unakuna. Anakuna miguu, anakuna tumbo, anakuna pembeni mwa titi. Ngozi imepauka kama iliyopakwa majivu, na mahali pengine imechubuka kwa kucha. Ukimwuliza hujibu kwa aibu kidogo, "Ni ngozi tu, nesi. Mimi nimemleta mtoto."

"Ni ngozi tu." Neno hilo ndilo tunalotaka kulijadili mwezi huu, maana limekuwa mlango wa makosa mawili. Kosa la kwanza ni kulipuuza tatizo, mama akaambiwa avumilie kwa kuwa uzazi ndivyo ulivyo. Kosa la pili ni baya zaidi. Mama aliyechoka kuwashwa usiku kucha huenda dukani, akanunua tyubu asiyoijua, akajipaka, kisha akamweka mtoto kifuani.

Maoni yetu ni haya. Ngozi ya mama anayenyonyesha si jambo la urembo, wala si siri yake peke yake. Mtoto mchanga hula juu ya ngozi hiyo, hulala juu yake na huilamba. Kwa lugha ya nyumbani, ngozi ya mama ni sahani ya mtoto. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayempakulia mtoto chakula kwenye sahani yenye dawa asiyoifahamu. Tunasema pia kwamba sehemu kubwa ya ukavu huu hutulizwa kwa vitu vya bei nafuu, ambavyo vingi vimo nyumbani tayari. Hatari kubwa imo katika haraka ya kutaka upone kwa siku mbili.

Kwa nini ngozi hukauka?

Wapo wanaoamini kwamba mtoto "humnyonya mama unyevu" mpaka ngozi inakauka, na kwamba dawa yake ni kumwachisha mtoto ziwa. Tunaomba imani hiyo iachwe. Baada ya kujifungua, homoni iitwayo estrojeni hushuka sana katika mwili wa mama, na hubaki chini kwa muda wakati ananyonyesha. Homoni hiyo ni mojawapo ya vitu vinavyoisaidia ngozi kushika unyevu. Kwa hiyo ni kweli kwamba ngozi ya mzazi ni rahisi kukauka. Lakini kinachomalizia kazi mara nyingi ni mazingira yetu na mazoea yetu.

Kwanza ni baridi na upepo mkavu. Pili ni sabuni. Sabuni ya mche na sabuni ya unga zimetengenezwa ili ziondoe mafuta kwenye nguo na vyombo, na zikifika mwilini hazichagui, huondoa pia mafuta ambayo ngozi imejitengenezea. Tatu ni nepi. Mama wa mtoto mchanga hufua nepi mara nyingi kwa siku, tena kwa maji baridi. Ndiyo maana mikono yake huwa ya kwanza kupasuka.

Nne ni maji ya moto. Hapa tunaomba bibi na mama zetu watuvumilie. Desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto ni desturi ya upendo. Mzazi huyo amechoka, na kuna mikono inayomhudumia. Hatusemi iachwe. Tunasema joto lipunguzwe. Maji yanayoiacha ngozi nyekundu, au yanayomfanya mzazi apige kelele, hayaponyeshi tumbo. Hukausha ngozi, na yamewahi kuwaunguza wazazi hata wakalazwa. Kipimo chake ni kiwiko, kama tunavyopima maji ya kumwogeshea mtoto. Kiwiko kikivumilia bila kuungua, maji hayo yanafaa kwa mama pia.

Tano ni moto wa jikoni. Katika siku arobaini za uzazi mama hukaa karibu na jiko ili apate joto. Joto la namna hiyo hukausha ngozi upande mmoja wa mwili, na moshi humwumiza mtoto kifua. Blanketi na soksi ni bora zaidi.

Tyubu ya dukani

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mama huingia dukani na kusema, "Naomba ile ya kuwasha." Muuzaji haulizi kama ananyonyesha, haulizi mwasho uko wapi wala umeanza lini. Anashusha tyubu kutoka kwenye rafu: "Chukua hii dada, siku mbili tu." Na kweli, siku ya pili mwasho umetulia. Mama anawasimulia majirani, na majirani nao wanakwenda.

Nyingi ya tyubu hizo zina dawa za jamii ya steroidi. Zenye klobetasoli ni kali kuliko karibu zote za jamii hiyo, na zenye betamethasoni pia zimo katika kundi la zenye nguvu. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ndiyo ya upole. Kwa macho ya mnunuzi zote ni tyubu za dawa ya ngozi, lakini tofauti ya nguvu zake ni kubwa mno.

Steroidi hutuliza mwasho kwa kuuzima ulinzi wa mwili mahali ilipopakwa. Ikiwa chanzo cha mwasho ni ukurutu, hilo laweza kuwa jambo jema kwa siku chache. Lakini ikiwa chanzo ni choa au fangasi nyingine, mwasho hutulia huku ugonjwa ukitambaa chini kwa chini bila kizuizi. Na tyubu kali ikipakwa kwa wiki na miezi, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, michirizi hutokea, mishipa midogo huonekana, na mama akiacha kuipaka mwasho hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Basi hulazimika kununua nyingine. Biashara inaendelea, ngozi inaharibika.

Mtoto anaingiaje katika habari hii? Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kinywa: dawa iliyopakwa kwenye titi huliwa na mtoto moja kwa moja. Ya pili ni ngozi kwa ngozi: shavu la mtoto hukaa juu ya kifua na mkono wa mama kwa saa nyingi. Tukumbuke kwamba mtoto mchanga, ukilinganisha na uzito wake, ana ngozi kubwa kuliko mtu mzima, kwa hiyo kinachopita kwenye ngozi humlemea upesi. Ya tatu ni maziwa, kwa zile kemikali ambazo huingia katika damu ya mama na kutoka nayo.

Haya si maneno ya kutisha watu. Mwaka 1983 madaktari waliandika katika jarida la watoto habari za kichanga aliyepata shinikizo kubwa la damu kwa sababu mama yake alikuwa akipaka steroidi kali kwenye chuchu. Matukio kama hayo ni machache, lakini yanatosha kutuonyesha kwamba njia ipo.

Mkorogo ni hatari zaidi

Wapo pia akina mama ambao baada ya kujifungua huona uso umefanya madoa na kifua kimepauka, wakaambiwa "jirudishe" kwa mkorogo. Mkorogo ni mchanganyiko usio na kipimo. Ndani yake huweza kuwamo steroidi, haidrokwinoni na zebaki kwa pamoja. Nchini Tanzania vitu hivyo vitatu haviruhusiwi katika vipodozi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na dawa ziko chini ya TMDA. Lakini marufuku iliyoandikwa kwenye karatasi haimlindi mtoto ikiwa kopo lenyewe linauzwa sokoni mchana kweupe.

Kuhusu zebaki hatuna budi kusema wazi. Zebaki hupita kwenye ngozi, huingia katika damu, na hutoka katika maziwa. Huharibu figo, na huharibu ubongo ambao bado unajengwa. Isitoshe, hubaki kwenye shuka, taulo na mikono, hivyo hata watoto wakubwa wa nyumba hiyo huipata. Dunia ilijifunza ukatili wa zebaki kutoka Minamata, mji wa Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956 baada ya kiwanda kumwaga taka baharini na watu kula samaki wa huko. Wapo watoto waliozaliwa wakiwa na vilema vikubwa ilhali mama zao walionekana wazima au wenye dalili chache tu. Kwa kumbukumbu ya mji huo, mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata mwaka 2013. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa kabisa vipodozi vilivyotiwa zebaki ifikapo mwaka 2025. Ikiwa mataifa yamekaa meza moja kwa ajili ya kopo la krimu, sisi tutasemaje kwamba ni ngozi tu?

"Lakini hata hospitali mnazitoa"

Tunajua baadhi ya wasomaji watasema, "Mbona hata hospitali mnaandika tyubu hizo hizo?" Ni swali la haki. Ni kweli, steroidi ni dawa nzuri zikitumiwa mahali pake. Mama mwenye ukurutu anayenyonyesha anaweza kupewa ya upole, apake kidogo, mahali padogo, kwa siku chache, na aangaliwe tena. Ikilazimu kupaka karibu na chuchu, hupakwa mara tu baada ya kunyonyesha na hufutwa vizuri kabla ya kunyonyesha tena. Dawa inayoandikwa na mtu aliyeiona ngozi na kuuliza maswali si sawa na dawa inayouzwa na mtu aliyeangalia pesa.

Vilevile tusiruke kutoka shimo moja na kuangukia lingine. Wapo wanaosikia habari kama hizi wakaamua kuacha kunyonyesha ili watumie dawa kwa amani. Hapana. Dawa nyingi za ngozi zina mbadala unaofaa kwa anayenyonyesha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 na zaidi. Maziwa hayo humkinga na kuhara na nimonia. Kuyaacha kwa sababu ya ngozi kavu ni kubomoa nyumba kwa sababu ya bawaba mbovu ya mlango. Jambo la kufanya ni kumwambia anayekutibu, kabla hajaandika chochote, "Nanyonyesha."

Hata vidonge vya kuzuia mwasho viulizwe kwanza. Vile vya klorofeniramini, ambavyo watu wengi hununua bila cheti, humletea mama usingizi na vinaweza kumfanya mtoto naye asinzie asinyonye vizuri. Viko vingine, kama loratadini na setirizini, ambavyo havilazi sana. Mganga akijua unanyonyesha atachagua.

Mafuta ya mgando na maji ya vuguvugu

Basi mama afanye nini? Tunayoyashauri ni haya, na hayahitaji fedha nyingi.

Aoge mara moja kwa siku kwa maji ya vuguvugu, asikae muda mrefu majini. Sabuni ya kuogea isiyo na manukato makali aitumie kwapani, sehemu za siri kwa nje, na miguuni. Mikono, tumbo, mgongo na mapaja ambayo hayakuchafuka yatatakata kwa maji matupu. Asijisugue kwa dodoki gumu. Ajikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini, asijifute kwa nguvu.

Kisha, kabla unyevu haujakauka mwilini, apake mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, kazi yake ni kuyafungia yaliyomo, kama mfuniko wa sufuria unavyozuia mvuke. Ukipaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, umefunika sufuria tupu. Apake asubuhi na jioni, na mikononi kila anapomaliza kufua. Asiye na mafuta ya mgando anaweza kutumia mafuta safi ya alizeti au ya nazi. Mafuta ya mzeituni, ambayo watu huyasifu na kuyanunua kwa bei kubwa, si bora kwa ngozi kavu, na utafiti umeonyesha kwamba yanaweza kuudhoofisha utando unaoikinga ngozi.

Tahadhari moja tu: nguo na kanga zilizolowa mafuta hushika moto kwa urahisi. Mama akishajipaka asiinamie jiko la kuni au la mkaa mpaka mafuta yameingia, na kanga hizo zifuliwe mara kwa mara.

Kuhusu kunywa maji, mama anywe kila anaposikia kiu, na anayenyonyesha husikia kiu zaidi. Lakini asilazimishwe kumeza ndoo ya maji akiahidiwa kwamba ngozi italainika. Ngozi hulainishwa zaidi kutoka nje. Na kucha zikatwe fupi, maana jeraha la kujikuna ni mlango wa vijidudu.

Chuchu iliyopasuka si ukavu

Tumeacha makusudi jambo hili lisimame peke yake. Mama wengi huja na chuchu zilizopasuka wakidhani ni sehemu ya ngozi kavu, wakaendelea kupaka hili na lile. Mara nyingi chanzo si ukavu, ni namna mtoto anavyoshika titi. Mtoto akishika ncha ya chuchu peke yake, huikwangua kwa ufizi kila anaponyonya. Hapo hata mafuta ya dhahabu hayataponya.

Mtoto aliyeshika vizuri amefungua kinywa kwa upana, kidevu chake kinagusa titi, mdomo wa chini umegeukia nje, na duara jeusi la titi linaonekana zaidi juu ya kinywa chake kuliko chini. Mama asikie kuvutwa, asisikie kukatwa. Akisikia maumivu, aingize kidole kisafi pembeni mwa kinywa cha mtoto, amwachishe taratibu, aanze upya. Muuguzi yeyote wa wodi ya wazazi atakuonyesha bila malipo, hata kama mtoto ana miezi mitatu.

Titi lisioshwe kwa sabuni kabla ya kila kunyonyesha. Kwenye lile duara jeusi mna tezi ndogo zinazotoa mafuta ya kulainisha, na sabuni huyaondoa. Baada ya kunyonyesha, mama akamue matone machache ya maziwa yake, ayapake kwenye chuchu na kuyaacha yakauke. Wasidhani tunarudia maneno ya bibi tu. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, kwa muda mfupi, kutopaka chochote au kupaka maziwa ya mama huweza kusaidia sawa na marhamu maalumu ya chuchu, au hata zaidi yake, na kwamba kwa wanawake wengi maumivu hupungua kufikia siku ya 7 hadi ya 10. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa chuchu usiposhughulikiwa huingiza vijidudu, titi likavimba na kutunga jipu.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI asichelewe hata siku moja akiona chuchu imepasuka au inatoa damu. Aendelee na dawa zake za ARV kama kawaida, anyonyeshe kwa titi lililo zima, na aje kituoni siku hiyo hiyo aelekezwe la kufanya kwa titi lenye jeraha.

Mwasho usio wa ukavu

Siyo kila kuwashwa ni ngozi kavu. Njoo zahanati au hospitali ukiona mojawapo ya haya:

1. Mwasho unaozidi usiku, wenye vipele katikati ya vidole, kwenye viganja, kiunoni au kuzunguka chuchu, na watu wengine nyumbani nao wanajikuna. Huo huenda ni upele. Nyumba nzima hutibiwa siku moja, na dawa iliyopakwa kwenye titi huoshwa kabla ya kunyonyesha. Msishangae mwasho ukibaki wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa.

2. Chuchu inayochoma kama pilipili baada ya kunyonyesha, na mtoto ana utando mweupe kinywani usiofutika. Huenda ni fangasi. Mama na mtoto hutibiwa pamoja.

3. Titi jekundu, la moto, lenye maumivu, pamoja na homa. Usisubiri kesho. Na usiache kulinyonyesha au kulikamua.

4. Ukurutu kwenye chuchu moja tu usiopona kwa wiki kadhaa, hata kama mtoto ameshika vizuri. Lazima uchunguzwe, kwa maana mara chache saratani ya titi huanza kwa sura hiyo.

5. Mwili mzima kuwasha bila vipele, macho kuwa ya njano au mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi. Hiyo yaweza kuwa ini.

6. Ngozi kavu pamoja na uchovu mkubwa, kusikia baridi kupita wenzako, nywele kukatika sana na huzuni isiyoisha. Tezi ya shingoni huweza kulegea baada ya uzazi, na upungufu wa damu nao huchosha. Vyote viwili vina vipimo na vina dawa.

Na kwa upande wa mtoto: ngozi yake ikiwa na malengelenge, ikitoa maji au usaha, au akiwa hanyonyi, mlete mara moja. Kamwe usimpake tyubu ya mama. Kichanga kubambuka ngozi kidogo katika siku za kwanza ni jambo la kawaida.

Jukumu ni la nani?

Tumesema mwanzoni kwamba hii si siri ya mama peke yake. Basi tumalizie kwa kugawana mzigo.

Akina baba, kopo la mafuta ya mgando si anasa ya mke wako. Liweke katika hesabu ya nyumba pamoja na chumvi na sabuni. Na baba akifua nepi kwa wiki mbili tatu, mikono ya mama ikapona, heshima yake haitapungua hata kidogo. Wapo wanaofanya hivyo katika parokia zetu, na nyumba zao hazijaanguka.

Akina mama wakwe na shangazi, ninyi ndio daktari wa kwanza wa mzazi. Neno lenu huzidi letu. Mkisema maji yapozwe, yatapozwa. Mkisema tyubu hii isipakwe kifuani, haitapakwa.

Wenye maduka ya dawa, tunawaheshimu, maana katika vijiji vingi ninyi ndio mlio karibu na mgonjwa kuliko sisi. Tunawaomba swali moja tu kabla ya kushusha tyubu: "Unanyonyesha?" Jibu likiwa ndiyo, mwelekezeni kituoni, au mwuzieni mafuta ya mgando. Faida yake ni ndogo, lakini mtamwona mteja huyo tena akiwa na mtoto mzima.

Na sisi wauguzi, kazi yetu kliniki isiishie kwenye mizani na chanjo. Tuutazame mkono wa mama unaomshika mtoto. Tukiona umepauka, tuulize. Swali hilo huchukua nusu dakika.

Akina mama, msione haya. Anayesema anawashwa hajilalamikii ovyo, anailinda sahani ya mwanawe. Kama mna tyubu nyumbani ambayo hamjui ndani yake mna nini, msiitupe kimya kimya wala msiendelee kuipaka. Ileteni kliniki siku ya mizani, tuisome pamoja.